Dereva wa Wageni Ampokea Bintiye

Saa nne asubuhi, nje ya mlango wa abiria wanaowasili, Mama Teksi anafuta kioo cha gari lake. Kilishatakata zamani. Anakifuta tu.

Mzee mwenye sanduku kubwa anaomba apelekwe mjini. Mama Teksi anakataa, ila kumwacha hivi hivi hawezi.

"Baba, patana nauli ukiwa bado chini. Fedha usibadilishe zote hapa uwanjani, badilisha za leo tu. Na pasi yako usimpe mtu akushikie, hata kama kavaa tai!"

Mzee anashukuru, anaingia gari la nyuma.

"Leo unafukuza riziki kwa mikono miwili," anatania dereva mwenzake, mwanamume mnene anayetafuna karanga.

Mama Teksi hacheki. Bintiye anakuja leo, na ndege imechelewa. Anazunguka gari, anachungulia mlangoni, anarudi. Chai aliyonunua imepoa juu ya boneti.

Alimwacha mtoto huyo kwa bibi yake akiwa na miaka minane, akaja ugenini kufua mashuka ya hoteli. Siku aliyofika, mtu mwenye tabasamu alidai ametumwa na mwajiri. Akachukua pasi "akaisajili". Hakurudi.

"Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likazama," anamsimulia mwenzake, macho yakiwa mlangoni. "Hata kusema 'nisaidieni' kwa lugha yao sikujua."

Miaka miwili ilipita kabla hajapata pasi nyingine. Udereva ulikuja baadaye, na kila mgeni anayempakia hushuka na nasaha zake.

Za bintiye zilipitia simu ya bibi, ile ya tochi isiyo na picha. Andika anwani kwenye karatasi, maana simu huzimika. Jifunze salamu na kuomba msaada. Mtu akikutajia jina langu, usimwamini. Jina hata mwizi analijua. Muulize jambo la nyumbani.

Mlango unafunguka. Anatoka msichana mrefu, mkoba kaukumbatia kifuani kwa mkono mmoja, kwa mwingine anavuta sanduku. Mama Teksi anamkimbilia, mikono wazi.

Msichana anarudi nyuma.

"Shikamoo," anasema. "Samahani. Bibi akinikasirikia, huniitaje?"

Mama Teksi anashusha mikono.

"Hakimu," anasema. "Kwa sababu huishi kuuliza maswali."

Mkoba unaanguka. Wanashikana katikati ya njia, watu na masanduku yao wanawazunguka. Yule dereva mnene anageukia pembeni, anajifanya karanga imemkaba.

"Karibu aniitie askari, mtoto huyu!" Mama Teksi anasema akijifuta machozi kwa kiganja. "Mimi, mama yake mzazi!"

Akipakia sanduku la bintiye, anamweleza dereva mwenzake mipango yake. Kesho hafanyi kazi. Watatembea kwa miguu mpaka dukani, kituo cha basi, zahanati. Kisha atamwacha binti atangulie kurudi, yeye afuate kwa mbali.

"Asipojua kurudi nyumbani peke yake, atabaki mgeni hapa. Nataka asome, afanye kazi, anizidi."

Anafunga buti, anageuka. Msichana ameshaketi kiti cha nyuma, mikono mapajani.

"Unafanya nini huko, mwanangu?"

"Si nimekaa, mama?"

"Huko hukaa abiria. Njoo mbele."