Seva Ilipopoa, Tukamsikia Bosi

Fundi mwenzangu, umeshawahi kuponya mashine, halafu bosi akakuamuru urudishe ugonjwa?

Mimi yamenikuta.

Seva ya ofisini kwetu, kompyuta kuu inayotunza mafaili ya wote, inapakana na chumba cha bosi, ukuta wa mbao tu katikati. Feni zake zilikuwa zinanguruma kama mashine ya kusaga. Ukitaka kuomba kalamu, unapiga ukelele.

Bosi tulimwita Radi. Mwenyewe hakujua.

Asubuhi moja akanijia juu.

"Fundi! Mafaili hayafunguki! Jioni yakiwa bado yanakwama, kesho usije!"

Nikachungulia. Maskini seva! Kila kipande cha data kikiingia, prosesa, ubongo wa seva, ndiyo inapokea, inakagua, inapanga, inajibu kwamba kimefika. Yaani mpishi mkuu anakimbilia getini kila mgeni akibisha, halafu mnashangaa chungu kinaungua!

Na kadi ya mtandao, dude jipya linaloweza hayo yote lenyewe, limekaa tu linapunga upepo. Hakuna aliyeliambia lifanye kazi.

Nikabadilisha mipangilio. Kadi, nenda getini. Prosesa, rudi jikoni.

Mafaili yakafunguka fyuu! Prosesa ikapoa. Feni zikapunguza mwendo, zikapunguza...

Kimya.

Ndipo ukuta ukaongea.

"Ndiyo, mama. Sweta nimevaa. La ndani pia, mama. Hapana, soksi sijavua."

Radi huyo!

Tukajiuma midomo. Mhasibu wetu, tunayemwita Shangazi, akazamisha uso kwenye mkoba.

Mlango ukafunguka. Radi, jasho linamchuruzika ndani ya suti.

"Kuna mtu amesikia kitu?"

Wote tukainamia kazi. Mmoja alikuwa anachapa kwenye kompyuta iliyozimwa.

Shangazi, kwa mazoea ya zile feni, akapaza sauti yake yote:

"HATUJASIKIA CHOCHOTE KUHUSU SWETA, BOSI!"

Nikajua kibarua changu kimeota nyasi.

Radi akaniita ndani, akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akinong'ona.

"Mwanangu, seva imekuwa nyepesi. Kazi unayo. Ila... kelele irudi."

"Niirudishie prosesa mizigo yake?"

"Wee! Mafaili usiguse. Kelele tu."

Kesho yake nikaleta feni bovu la nyumbani, panga moja limepinda, nikalifunga kwenye ukuta wake. Linakereza hadi leo. Likinyamaza, naitwa haraka kuliko seva ikizima.

Funzo? Ukimtua mtu mzigo, jiandae. Akiacha kuhema kwa uzito, utasikia na siri za jirani.

Na mama akiwapigia simu, jamani, tokeni nje mkaongee.