Boila la Mavyaa na Doa la Buluu

Hadi leo nikialikwa maulidi hapa Kibokoni, nakaa mbali na boila la chai, maana wanawake wakiniona karibu nalo huanza kuulizana kama chai ni salama, na wana haki, aibu ile nilijitakia mwenyewe.

Nilikuwa na miaka miwili ya ndoa na sijaachiwa jiko hata siku moja. Shughuli zote alipika mavyaa, mamake mume wangu, Bi Rukia. Mwaka ule nikamwomba maulidi ya wanawake yawe kwangu, akakubali, akanipa na boila lake la stili, lile kubwa lenye mfereji chini. "Litunze, mwanangu," akasema, basi. Nikajua huo ndio mtihani: likirudi salama, nami nitaaminiwa shughuli.

Asubuhi nikaliteleka kwenye gesi likiwa tupu (ndiyo, tupu, nilisema maji natia sasa hivi), mara mlango ukagongwa, ni mama wa maziwa, tukapiga soga kidogo, hata nilipokumbuka nikarudi mbio, nafunua kifuniko, nakuta chini kuna doa la moto, buluu na manjano.

Ningelipangusa kwa siki na kitambaa lingetoka. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamimina dawa ya klorini ya kung'arishia kanzu, nikaiacha humo huku nakaanga mahamri, kisha nikasugua kwa waya mpaka vidole vikavimba. Buluu imo vilevile, na sasa juu yake mikwaruzo na vidoa vyeusi. Wageni wako njiani. Nikasuza mara mbili (mfereji sikuufungua, kumbe dawa imejaa humo), nikatia maji, majani, tangawizi na iliki ya kutosha.

Kikombe cha kwanza kikaenda kwa mkubwa wao, Bi Mwanaisha, shangazi wa mume wangu. Akapiga funda moja, akakiweka chini polepole.

"Chai hii yanuka kama choo kilooshwa sasa hivi," akasema.

Mmoja akacheka, wakafuatia wote. Mavyaa akaniita jikoni, tukaimwaga chai yote, Bi Mwanaisha yuko nyuma yetu kuja kushuhudia. Chini ya boila pakaonekana. Nikalia.

"Mama, nililisahau motoni. Nilitaka kukuficha hiyo buluu."

Akainama, akapitisha kidole juu ya doa.

"Buluu hii ni yangu," akasema. "Nililisahau motoni mwezi wa Ramadhani. Nilikupa limefunikwa usije ukasema mavyaa hajui jiko."

"Basi mmekutana," akasema Bi Mwanaisha.

"Na hii mikwaruzo?" nikauliza, sijui nilitarajia nini.

"Hiyo ni yako."

Tangu siku hiyo chombo cha kuazima nakifunua mbele ya mwenyewe, palepale mlangoni, nikichungulie mpaka chini. Jiko bado sijaachiwa. Boila nimeachiwa.