Mmea wa Miambani

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye nyumba ya wageni ya serikali pale Kilosa, nilikabidhiwa kopo la kumwagilia na vyungu kumi na viwili vya maua ya ndani. Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa binti wa kijijini Lumuma niliyejua mahindi na maharage tu. Nikamwagilia kila asubuhi bila kukosa. Baada ya miezi miwili yalikuwa hai maua matatu tu.

Msimamizi, mama mmoja mkali, akaniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unayanyima maji?"

"Nayapa kila siku, mama."

"Basi mbona yanakufa? Haya matatu yakifa, urudi kwenu ukalime."

Niliogopa, lakini zaidi nilitaka kujua. Nikapindua chungu kimoja cha ua lililokufa. Mizizi ilikuwa imeoza, inanuka kama mihogo iliyolowekwa. Kumbe nilikuwa nayazamisha! Tundu la chini lilikuwa limezibwa na udongo wa mfinyanzi. Nikazibua matundu yote, nikachanganya mchanga wa mtoni, na tangu hapo simwagilii kabla ya kuchomeka kidole na kuona kwamba udongo umekauka hata ndani. Matatu yale yakapona, nami nikabaki kazini.

Enzi za vijiji vya Ujamaa nilihamishiwa nyumba ya wageni ya Mikumi. Huko, kwenye miamba kando ya barabara iliyokuwa inachongwa, nikaona mmea wa majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, lakini huo ulikuwa mbichi kabisa. Tingatinga lilikuwa linaukaribia. Nikampungia dereva mikono yote miwili mpaka akasimama, nikaufukua. Chini una viazi. Humo ndimo unamoweka maji yake.

Meneja wa Mikumi alicheka. "Ndugu, wageni waje kutazama magugu?"

"Nipe ile kona yenye giza, Ndugu Meneja, ambako kila ua limekufa."

Akanipa. Mmea ukastawi. Jani moja lilipodondoka, nikalichomeka kwenye mchanga nione litafanya nini. Wapishi wakaliita mgonjwa wangu. Miezi ikapita, halikui, halikauki. Nilipolichimbua, nikakuta kwenye kikonyo kiazi kidogo kama njegere! Nikapiga kelele mpaka Meneja akatoka ofisini. Akakichukua, akakigeuzageuza kiganjani.

"Chomeka na mengine," akasema.

Nilistaafu kila chumba kikiwa na chungu chake cha mmea huo. Lakini jani lililoachana na mama yake linajuaje kutengeneza kiazi? Nimewauliza mabwana shamba wawili, kila mmoja akanipa jibu lake. Kijana mwenye jibu la tatu aje anieleze, nipo nyumbani.