Mnanaa wa Mama Luul

Ayuma husuka nywele mtaani Lucky Summer, katika kibanda cha mabati ya buluu. Mikono yake ni myepesi na wateja hawamwishii. Shida ilikuwa tumbo. Mteja akikaa kwenye kigoda, sikio lake lilikuwa sawasawa na kitovu cha Ayuma, na hapo ndipo matumbo yalipoanza kunguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka.

"Umemeza simba, dadangu?" mteja mmoja aliwahi kumuuliza.

Ayuma alicheka, ingawa alikuwa akiumia. Wiki moja tumbo lilijaa gesi na choo kikawa kigumu. Wiki inayofuata alikimbilia msalani, mteja akibaki na nusu kichwa. Harusi na safari aliziacha kabisa. Daktari alimpima, akamwambia hana vidonda wala minyoo. Ni matumbo yanayokasirika upesi, hasa akiwa na wasiwasi, basi aangalie anachokula. Ayuma alitaka kupona upesi. Akanunua kwa mchuuzi wa barabarani chupa ya dawa ya magonjwa arobaini, na Jumapili nzima akaimalizia msalani.

Kesho yake Fartun, mama yake Luul, anayeuza viungo kibanda cha pili, alimkuta amejikunja. Aliposikia kisa cha ile chupa, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Mama Luul, unanicheka?"

"Naicheka chupa, mwanangu. Magonjwa arobaini, na wewe unao mmoja tu!"

Akammiminia chai ya majani ya mnanaa. "Kunywa hii ukishakula. Jioni tafuna mbegu za shamari, kidogo tu. Chai ikikuchoma kifua, acha, urudi kwa daktari. Na hayo maharagwe ya kila mchana yapumzishe."

"Maharagwe ni rafiki yangu!"

"Rafiki gani anakupigia kelele mbele ya wateja?"

Nafuu ilikuja kwa kusuasua, na siku nyingine tumbo lilinuna tena. Hata hivyo, kadiri wiki zilivyopita, Ayuma alianza kusuka kichwa kizima bila kukimbia.

Kisha Luul, binti wa Fartun, akachumbiwa. Alitaka Ayuma amsuke siku ya harusi, halafu abaki kwenye sherehe. Ayuma aliuliza choo kiko wapi kabla ya kuuliza harusi ni lini. Lakini alikwenda. Wanawake walipofanya duara na ngoma ikapamba moto, Fartun alimvuta katikati.

"Tumbo je?" alimpigia kelele.

"Limelala!" Ayuma akajibu, mabega yakicheza.

Mwezi uliofuata kina mama wa kanisani walipanga safari ya Nakuru. Ayuma alijiandikisha, akaomba kiti cha dirishani.