Mchumba Niliyemkana kwa Jina la Ukoo

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ulikuwa mchana wa Februari, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, theluji imekwisha kugeuka tope jeusi kando ya njia, nami nimesimama kwenye ujia wa hospitali moja ya Toronto ningali na sare yangu ya kazi. Daktari alikuwa amenieleza kwa upole kwamba moyo wa baba yangu umechoka na figo nazo zimeanza kuufuata. Tukijaliwa, alisema, mtakuwa naye wiki chache.

Nikaingia chumbani. Baba alinitazama usoni akajua kila kitu, na hakuuliza daktari kasema nini. Alisema tu, "Mwana Zena, kufa sikuogopi. Naogopa kukuacha hujaposwa."

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na sababu ya kutoposwa alikuwa ni yeye mwenyewe. Sisi ni watu wa Jumba la Kati. Jina hilo kwako halina maana, wala halina maana kwa yeyote anayepanda lifti katika yale maghorofa ya St. James Town tulikokuwa tukiishi. Lakini katika mji wetu mdogo kule visiwa vya Lamu, watu wa Jumba la Kati waliozwa kwa kupulizwa siwa, lile baragumu la sherehe za wakubwa, na mtu akimpita babu yangu barazani alivua viatu. Baba alikuja Kanada na sanduku moja, na ndani ya sanduku, chini ya kanzu, mlikuwa na daftari la nasaba: mababu kumi na wanane, mwana wa fulani mwana wa fulani. Nilikariri majina yale kabla sijajua kuhesabu.

Basi walikuja wawili kuniposa. Wa kwanza alikuwa mwalimu kutoka Tanga, mtu mpole sana. Wa pili fundi umeme kutoka Bukavu aliyesilimu, akicheka hata ukuta unacheka naye. Baba aliwapa kahawa wote wawili, akawaambia neno lile lile: "Binti yangu ana kufu yake, mtu wa nasaba sawa na yetu." Nami, mwanangu, sikulia. Nilijiona ghali. Mchana nikiwaosha wazee wa watu migongo katika nyumba ya kutunzia wazee, na jioni nikirudi nyumbani kuwa binti wa Jumba la Kati. Moyo wa binadamu una nafasi ya uwongo mwingi.

Pale kitandani baba aliposema vile, nikakumbuka kwamba Toronto nzima palikuwa na mtu mmoja tu wa kufu yetu. Nilimwona Idi iliyopita katika ukumbi wa shule tuliouazima kwa sala. Aliitwa Shee, wa Jumba la Mnarani, nyumba iliyotazamana na yetu kule kwetu, wakipeana wake na waume tangu enzi za enzi. Yeye alikuwa akipakia makontena katika ghala moja kule Brampton.

Siku ya pili yake nikapanda mabasi matatu kumfuata. Tulikaa kwenye mkahawa karibu na kazini kwake, mikono yake imepasuka kwa baridi na makaratasi ya maboksi. Nikamweleza yote. Nikamwambia namtaka asimame mbele ya baba kama mchumba wangu, wiki chache tu, mzee aende kwa amani. Baada ya hapo kila mtu ashike njia yake.

Alikizungusha kikombe mezani mpaka chai yake ikapoa.

"Mambo ya ndoa hayana mzaha, Mwana Zena," alisema.

"Si mzaha. Ni huruma."

"Basi kama ni huruma, nitakuja na mshenga. Sitaingia kwa mzee wako kama mwizi."

Akaja Jumamosi na Mzee Athumani, fundi cherehani mstaafu wa Mombasa aliyekuwa akiishi Scarborough, amevaa kanzu, koti la baridi juu yake. Wakaketi kando ya kitanda. Baba akauliza, "Mwana wa nani?" Shee akataja jina la baba yake, la babu yake, akapanda ngazi ile ya majina mpaka baba akamwinulia mkono kumzuia. Alimtazama muda mrefu. Machozi yakamlengalenga. "Nimekubali," alisema. Muuguzi Mfilipino aliyekuwa akibadilisha dripu akatupigia makofi bila kujua lolote.

Hivyo ndivyo nilivyochumbiwa, mwanangu: kwa uwongo, hospitalini, na mtu niliyeongea naye mara mbili maishani. Mchezea wembe hujikata. Maana wiki chache zile zilipita, na baba hakufa. Furaha ilimrudishia nguvu. Machi alikuwa akikaa kitandani, Aprili wakamruhusu arudi nyumbani, akiendelea kwenda kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Nikamwambia Shee kwamba nasikitika, jambo limekuwa refu kuliko tulivyopatana. Akasema, "Mzee kupona ndiyo kosa?"

Akawa anakuja kila Jumamosi. Lifti zikiharibika, na ziliharibika sana, alimbeba baba mgongoni kwa ngazi mpaka ghorofa ya kumi na moja. Alimnyoa ndevu. Alijua duka la Wachina linalouza samaki kolekole wa barafu, akaja nao, akaingia jikoni mwenyewe kukuna nazi, nami nikisimama mlangoni nimekosa la kufanya. Majira ya baridi yaliporudi alinitangulia njiani, akipasua barafu kwa viatu vyake vizito ili mimi nikanyage pasipoteleza. Hakunigeukia kutaka asante. Nilikuwa nikitazama ule mgongo wake mbele yangu, na siku moja nikagundua kwamba napunguza mwendo makusudi ili njia isiishe. Nilikuwa nimempenda. Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Wewe ndiye wa kwanza.

Yeye ndiye aliyeanza kunena. Tulikuwa tumeketi kituo cha basi, mchana, upepo mkali.

"Tuufanye uchumba huu ukweli," alisema. "Mimi kwangu umeshakuwa ukweli zamani. Lakini kwanza ujue jambo. Bibi yangu, mama wa baba yangu, Bibi Faida, alikuwa mzalia. Wazazi wake walikuwa watumwa wa nyumba yetu, na yeye alizaliwa jikoni kwetu. Babu alimwoa ndoa halali, akamkataa binti wa watu kwa ajili yake."

Ningeweza kusema neno lolote, mwanangu. Ningeweza hata kunyamaza. Lakini majina yale kumi na manane yakaniinukia kooni kama matapishi.

"Usimwambie baba," nikasema.

"Nitamwambia. Uwongo wa kwanza niliubeba kwa sababu ya mgonjwa. Huu wa pili wanitaka nimkane bibi aliyenilea."

"Basi mimi sikujua kama nimeposwa na mzalia."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Niliyasikia maneno yangu yakitoka, nikatamani kuyadaka. Rangi ya uso wake haikubadilika. Aliniangalia kama mtu anayesoma barua mara ya pili kuhakikisha kaielewa. "Sasa umejua," akasema. Basi likaja. Nikavua pete yake ya uchumba, pete ya fedha isiyo na jiwe, nikaiweka kwenye benchi kati yetu, nikapanda. Sikugeuka nyuma. Nilijiambia kwamba muungwana hageuki nyuma.

Nyumbani nikamwambia baba kwamba Shee kabadili nia. Huo ukawa uwongo wangu wa pili kwake, na ulikuwa mchafu kuliko wa kwanza, kwa kuwa ulimvika mtu mwema koti la aibu yangu.  Tangu siku hiyo baba alianza kuacha chakula katikati.

Ilipita miezi mitatu. Siku moja narudi kutoka kazini nikamkuta amekaa kitini, simu mapajani. Mzee Athumani, ambaye Shee alimweleza yote, alikuwa amempigia kumjulia hali, na katika mazungumzo ukweli ukatoka wote. Baba aliniashiria nikae sakafuni mbele yake kama nilipokuwa mdogo.

"Faida," alisema. "Umemtukana kijana kwa ajili ya Faida?"

"Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kufu."

"Mama yangu alishikwa na homa ya uzazi siku ya pili baada ya kunizaa. Maziwa yakakauka. Aliyenyonyesha kinywa hiki ni Faida wa Jumba la Mnarani, miaka miwili. Mimi na baba yake Shee tulinyonya ziwa moja. Kijana alipotaja majina pale hospitalini nilimjua, nikaona Mungu kanirudishia nyumba yangu. Baba yake ni ndugu yangu wa ziwa, na watoto wa ndugu huoana. Nilinyamaza nikitaraji atakwambia mwenyewe, na wewe nilikutaraji uwe mtu."

Nikauliza kwa nini hakuwahi kunitajia jina hilo. Mwanangu, ningekuwa na uwezo wa kulifuta swali moja duniani, ningelifuta hilo, maana nilimwona baba yangu akizeeka mbele ya macho yangu.

"Niliona haya," alisema. "Nimekufundisha majina ya wanaume kumi na wanane waliokufa kabla hujazaliwa. La mwanamke aliyenipa uhai sikukufundisha. Kosa lako nimelifuma mimi." Kisha akanisukumia simu. "Mpigie. Leo."

Nilichukua simu. Nilibonyeza tarakimu zote isipokuwa ya mwisho, nikaiweka chini. Nikasema kesho, nikitulia. Kesho nikasema Jumamosi. Nikasikia amehama, amekwenda Edmonton kufanya kazi, nikasema nitampigia akishapata makazi. Ukweli nilikuwa nikingoja aanze yeye, ndipo nisamehe mimi, kana kwamba mwenye kusamehewa ni yeye. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mimi niliona maumivu yale ndiyo heshima.

Baba alifariki mwezi wa tano, miti ya uani imeanza kuchipua. Hakuniuliza tena habari za simu ile. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu.

Siku ya maziko nilibaki garini nje ya makaburi, kioo nimekiteremsha. Nikawaona wanaume wamebeba jeneza, na bega la mbele lilikuwa la Shee. Alikuwa amepanda ndege kutoka Edmonton. Nikamwona akiteremka kaburini kumpokea baba yangu, jambo afanyalo mtoto. Walipomaliza alikuja mpaka kwenye gari, udongo umemjaa magotini.

"Mungu amrehemu, Mwana Zena. Mkubwa ni Mungu."

Hapo, mwanangu. Hapo ndipo maisha yangu yalipokuwa yamesimama yakinisubiri. Nilikuwa na maneno ya miezi sita kifuani. Nilitaka kusema nisamehe, nilitaka kusema bibi yako ni bibi yangu. Nikafungua kinywa.

"Asante kwa kuja," nikasema.

Alisimama kidogo zaidi ya inavyotakiwa kwa adabu. Kisha akainamisha kichwa, akaondoka na wenzake.

Miaka mitatu baadaye niliandika barua. Sikujibiwa, na silaumu. Siku moja nikipakua pilau katika harusi ya watu kule Mississauga, mama mmoja akataja, kama anavyotaja bei ya mchele, kwamba Shee wa Edmonton kaoa muuguzi wa Kisomali na wana mapacha. Niliendelea kupakua. Sahani zilikuwa bado nyingi. Nilimaliza foleni nzima, nikaosha sufuria, nikapanda basi, na nilipofika nyumbani nilikaa na koti langu mwilini mpaka joto likanifanya nilie. Sikuolewa, wala sikuzaa; wewe nakuita mwanangu kwa mapenzi tu. Wakaja wengine baadaye, watu wazuri, nami kila mmoja nikamwona ni mgongo usiokuwa ule. Daftari la nasaba ninalo. Majina ya mababu ni kumi na manane, na baada ya jina la baba hakuna litakaloandikwa.

Mtu huambiwa kwamba muda huponya. Mimi sikuambii hivyo, kwa sababu sijapona, na sitaki kukudanganya na wewe nikafikisha uwongo wa tatu.

Basi nasaha zangu ni hizi. Muungwana ni kitendo; usipime damu ya mtu ilhali hujui wewe mwenyewe umelishwa na nani. Akija mtu akakuonyesha jambo linalomwuma katika ukoo wake, ujue amekupa mlango wa nyumba yake, usiupige teke. Usimtake mpenzi wako amfiche bibi yake ili wewe uonekane umeolewa vizuri. Ulimi ukikuponyoka, urudi siku ile ile, mbio, bila viatu, kabla basi halijaondoka. Na wewe utakayezaa, wafundishe wanao majina ya wanawake waliowabeba, hasa yale unayoyaonea haya.

Mungu akupe mwenza wa kukutangulia penye utelezi, akupe na macho ya kumwona angali hai na angali wako. Akulainishie ulimi wakati wa hasira, akufungue kinywa wakati wa toba. Akuepushie kiti hiki ninachokalia mimi. Amina, mwanangu. Amina.