Nimejimwagia poda mbele ya matokeo

Jamani, musinipongeze tena. Nimeanguka.

Leo asubuhi matokeo ya Exetat, mutihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ilitoka. Furaha, mutoto wa jirani mwenye nilisoma naye darasa moja, akapiga kelele barabarani: amepita!

Mimi sikungoja ujumbe wangu. Nikachukua kopo ya poda ya marehemu mke wangu, nikajimwagia kichwa muzima, kama wanavyomwagiwa wenye kupita. Nani mwingine angenimwagia?

Nikatoka nikicheza, mweupe kama unga wa muhogo. Mwenye duka akanipa soda ya pongezi.

Njo simu ikalia. Nimeanguka.

(Soda sirudishi. Lakini poda ya bibi imeisha.)

Furaha akaniambia, kama kwa babu yake: «Koko, fanya recours. Watasahihisha tena, pengine utapita.»

«Na wewe?»

«Mimi naenda Kisangani, chuo kikuu.»

Vita ilinitoa shuleni nikiwa kijana. Kwa uzee huu, nimezoea watoto wanaocheka miwani yangu.

Recours, nitaingoja peke yangu nyumbani. Kurudia darasa, nitakaa na watu.

Narudia.

Wenye mutakuwa darasani mwaka kesho, muniwekee nafasi katikati yenu. Na mumoja alete poda.