Asiambiwe Mpaka Afike

Siku ya mwisho pale Plovdiv, nchi ya Bulgaria, Tarsisi alikuwa dukani anamnunulia mkewe viatu. Viatu vyeupe vya kuendea kanisani, namba sita, kama Apolonia alivyoagiza kwenye barua. Miezi tisa ya kujifunza mitambo ya kuchambua pamba ilikuwa imekwisha, cheti kipo mkobani, na kesho yake ndege. Mwaka ule wa 1976, mtu wa Ushirombo kwenda Ulaya lilikuwa jambo la kusimuliwa kilabuni hadi watu wachoke. Tarsisi, aliyeanza kazi kwa kufagia pamba sakafuni na kupanda polepole mpaka akawa fundi, alikwisha kupanga hata sehemu za kuchekesha.

Ndipo Donatus akamfuata. Donatus alikuwa kiongozi wa kikundi chao, mafundi sita kutoka mikoa ya pamba. Bwana wa makao makuu, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapokuwa na neno gumu. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ndugu yangu Tarsisi, ukifika Dar usikaekae. Panda treni uende moja kwa moja nyumbani. Kuna ugonjwa kidogo."

"Nani anaumwa?"

"Hawakusema. Utaambiwa hukohuko."

Mtu wa kwetu akiwa safarini ukamwambia nyumbani kuna ugonjwa kidogo, umekwisha kumwambia kuna kaburi. Tarsisi alilijua hilo vizuri. Yeye mwenyewe aliwahi kumsindikiza jirani kutoka Kahama, njia nzima anamwambia baba yako leo kanywa uji, na huku mzee yuko ardhini siku ya tatu. Wakati ule alijiona mwungwana. Sasa zamu ilikuwa yake, na uungwana huo ulimpandisha hasira.

"Donatus, mimi ni mtu mzima. Nani amekufa?"

"Nani kasema habari za kufa? Mungu apishe mbali." Akashika njia kama aliyeitwa.

Tarsisi akapiga hesabu zake. Barua ya mwisho ya Apolonia ilisema wote wazima, Esta wetu anasoma vizuri, mama anakusalimu. Lakini mama yake, Bibi Lukresia, alikuwa anakohoa tangu kabla ya safari, na siku ya kuagana alimshika mkono mwanawe asitake kuuachia. Basi ni mama. Shali aliyokuwa amemchagulia mama akairudisha rafuni, akalipia viatu tu na kutoka bila kuaga.

Ndani ya ndege wenzake walikuwa wapole kupita kiasi. Waliozoea kumtania Usumbwa wake walikaa kimya. Mmoja akampisha kiti cha dirishani, mwingine akambebea mkoba. Kumbe wote wanajua! Watu watano na kiongozi wao wanajua nani amemfia Tarsisi, isipokuwa Tarsisi. Alitamani mmoja amkosee adabu, apate sababu ya kumshika shati.

Dar es Salaam alimkuta karani wa ofisini na tiketi ya treni mkononi, daraja la pili, zile tiketi ambazo watu hulala stesheni wiki nzima wasizipate. "Pole na safari," karani akasema, akaushikilia mkono wake muda mrefu. Tarsisi akaunyakua mkono wake.

Treni ya reli ya kati haina haraka na mwenye msiba. Pale Saranda, abiria wakigombania kuku wa kuchoma madirishani, alijifunika koti usoni akamlilia mama yake. Akamsalia rozari nzima, akamwomba radhi kwa kila alilomkosea tangu utoto. Walipofika Tabora machozi yalikuwa yamekwisha. Zilibaki hasira tu: kwa nini anafanywa mtoto?

Isaka alipokewa na mdogo wake, Valerian, aliyekuja na lori la kiwanda.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama amezikwa lini?"

Valerian alishtuka. "Mama? Kaka, tupande gari kwanza."

"Nakuuliza amezikwa lini!" Alikwisha kumkunja ukosi wa shati.

"Kaka, nimekatazwa. Utafika, utanawa, utakula, wazee watakaa. Mimi ni mdogo, usinitie matatani."

Kutoka Isaka hadi Kahama, na kutoka Kahama hadi Ushirombo, Valerian alikaa amegeukia dirishani. Dereva alikuwa amekaza macho barabarani, na vumbi liliwaingia mpaka kwenye meno.

Ilikuwa alasiri walipofika. Uwanja ulikuwa umejaa watu waliokaa, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Kisha mlango wa nyumba kubwa ukafunguka, akatoka Bibi Lukresia, na fimbo yake, na kikohozi chake.

"Karibu, mwanangu."

Tarsisi alicheka. Alicheka kwa sauti, akamkimbilia, akamnyanyua yule bibi kizee juu na fimbo yake. "Mayu! Uko hai! Mayu, mama yangu!" Kwa dakika moja hakukuwa na mtu mwenye furaha kumshinda katika Ushirombo nzima. Halafu akagundua anacheka peke yake.

Akamshusha mama yake taratibu. Dada yake alikuwa amesimama na beseni la maji ya kunawa. Siku zote beseni lile alilishika Apolonia.

"Mama Esta yuko wapi?"

"Nawa kwanza, baba," mama yake akasema.

Akalipiga beseni teke. "Yuko wapi?"

Akasimama katekista Bartholomeo, maana wazee walikuwa wamempa yeye kazi hiyo. Akasema Apolonia alishikwa na homa kali mwezi wa sita. Homa ya siku tatu tu, na ya nne wakamzika.

Mwezi wa sita. Na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Tarsisi alimtazama kama asiyeelewa lugha. Apolonia hakujua kuandika. Tangu mwanzo barua zake ziliandikwa na katekista, kwa hiyo mwandiko haukuwahi kubadilika.

"Barua za mwezi wa saba? Za mwezi wa tisa? Kaandika nani?"

"Mimi, Baba Esta. Wazee walikaa tukakubaliana. Uko ugenini, huna ndugu wa kukushika ukianguka. Na kiwandani wakasema ukirudi bila cheti umepoteza kazi. Tukasema asiambiwe mpaka afike."

"Na viatu je? Nani kaomba viatu?"

"Mke asiyeagiza kitu ungemshuku," Bartholomeo akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja kushukuriwa.

Hapo Tarsisi aliwatukana. Aliwaita wachawi na wezi, maana walimwibia msiba wake. Alimtukana katekista matusi ambayo hayajawahi kusikika mbele ya msalaba wa shingoni mwake. Akamgeukia hata mama yake, "Na wewe! Wewe uliyenizaa!" neno ambalo maishani hakuwahi kumwambia. Wale wazee waliinamisha vichwa wakavumilia. Walikuwa wamejiandaa. Walishapanga hata hasira zake, kwamba atatukana, wamwache atukane, atachoka. Uvumilivu wao ulimchoma zaidi ya uongo wenyewe.

Alipoishiwa maneno akamkumbuka mtoto. Esta, mwanawe wa miaka kumi, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sare yake ya shule. Alikuwa amerefuka. Hakusogea.

"Msalimie baba yako," bibi akamhimiza.

"Sitaki."

"Esta, njoo kwangu."

"Wewe ulikuwa unacheza dansi," Esta akasema.

"Dansi gani, mwanangu?"

"Katekista aliisoma barua yako hapahapa, wazee wote wakasikiliza ili wajue cha kukujibu. Ulisema umecheza dansi na Wazungu mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Ukasema mama ajiandae, ukirudi utamfundisha." Akarudi hatua moja nyuma. "Siku ile tulikuwa tumemaliza arobaini ya mama."

Hilo wazee hawakuwa wamelipanga.

Tarsisi alipiga magoti palepale kwenye matope ya maji aliyoyamwaga. "Sikujua, Esta. Naapa kwa Mungu. Hakuna aliyeniambia."

Esta akamtazama bila kulia.

"Uongo," akasema. "Hata mimi mtoto niliambiwa."